Umeona au Umedhani?

Mwaka juzi binti yangu alikuwa akisafiri kutoka Dar es Salaam kuja kwetu Tanga. Basi lilitarajiwa kufika saa kumi alasiri. Ilipotimu saa kumi na moja na nusu bila ya basi wala simu, mimi nilikuwa nimekwisha kumzika. Sitii chumvi. Niliiona kona moja kabla ya Segera, nikaliona lori la mkonge lililokatika breki, nikamsikia askari wa usalama barabarani akinisomea jina la mwanangu na kuikosea silabi ya pili. Niliwaona majirani wakipanga viti chini ya mwembe. Nikatunga hata maneno nitakayowaambia waombolezaji, na Mungu anisamehe, nikayarekebisha mara mbili kwa sababu sentensi ya kwanza ilikuwa ndefu mno.

Saa moja usiku binti akabisha hodi na mfuko wa machungwa ya Muheza mkononi. Tairi lilipasuka, na simu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Nilimkumbatia nikilia, naye akamtazama mama yake kwa mshangao. Mke wangu hakushangaa. Alisema tu, "Mwalimu ameshatuzikia mtoto tena," akaenda kuandaa chai.

Neno "tena" ndilo lililonifanya niketi kuandika makala hii. Nimeishi na maradhi haya, kama ni maradhi, tangu utotoni. Nimeyatumia kutunga hadithi fupi na mashairi kwa zaidi ya miaka arobaini, na nimesifiwa kwayo. Husikia katika semina za waandishi chipukizi vijana wakihimizwa waziachie fikira zao zipae, wasizifunge, wasizichuje, kwa kuwa fikira huru ndiyo mtaji wa mtunzi. Sina ugomvi na wahimizaji hao. Ila naona wanawapa vijana nusu ya somo, na nusu waliyoiacha ndiyo iliyonigharimu mimi.

Tuanze na lugha, maana Kiswahili kilikwisha kulijua jambo hili kabla yetu. Mtu akikaa kibarazani, shavu kaliegemeza kiganjani, chakula kakikataa, jirani hupita akasema: "Huyu ana mawazo." Hasemi kuwa ana huzuni wala hofu, bali ana mawazo. Na akitaka kumfariji humwambia, "Usiwe na mawazo." Neno hilohilo ndilo tunalolitumia tunapomsifu mwandishi kuwa ana mawazo mapana. Mwanafunzi mgeni wa lugha yetu aliwahi kuniuliza inakuwaje neno moja libebe sifa na ugonjwa. Nilimjibu kuwa waliolibebesha walikuwa watu wenye macho. Kiwanda ni kimoja. Kinachotoa riwaya ndicho kinachotoa usiku usio na usingizi, na hakina swichi mbili.

Kando ya mawazo kuna majirani zake. Kuna wasiwasi, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mnong'ono, yaani sauti ndogo inayokusemea sikioni. Kuna njozi, kuna ndoto, kuna kubuni, kuna kuzua. Na kuna dhana. Wanaisimu wa siku hizi wamelisafisha neno dhana likawa la kitaaluma. Huzungumzia dhana ya ngeli na dhana ya kiima bila ya kukunja uso. Lakini nyanya yangu alipomwambia mtu "unanidhania", alikuwa analalamika. Kumdhania mtu ni kumtungia maisha ambayo hakuyaishi, kisha kumhukumu kwayo. Kitenzi hicho kinapopata yambwa, yaani kinapomgusa mtu, huwa kama kisu kilichotolewa alani. Mtunzi anaweza kubuni mchana kutwa asimdhuru mtu. Akidhania, kuna mtu anayeumia upande wa pili.

Tofauti hiyo nilionyeshwa mapema, sikuiona. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulitumwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na pamoja na maandalio ya masomo kila mmoja wetu alitakiwa amchunguze mtoto mmoja na kuandika taarifa yake. Nilimtazama mtoto wangu kwa muda wa nusu saa, nikaandika kurasa sita. Nilieleza ukimya wake, ukali wa baba yake, upweke wa nyumba yao, na ndoto zake za kuwa nahodha. Nilijivunia kazi ile. Mkufunzi aliirudisha ikiwa imepigiwa mstari kwa wino mwekundu mahali pachache tu. Chini aliandika: "Nilivyovipigia mstari umeviona. Vilivyobaki umeviona au umedhani?" Nilihesabu sentensi zilizopigiwa mstari. Zilikuwa nne. Nilimwona mkufunzi yule kuwa mtu mkavu asiyejua fasihi.

Miaka kumi hivi baadaye, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa mwalimu wa zamu na mjumbe wa kamati ya nidhamu. Tulikuwa na kijana wa kidato cha pili aliyechelewa kila asubuhi. Alisinzia darasani. Macho yake yalikuwa mekundu, na sare yake ilikuwa na madoa. Zilikuwa ndizo siku mabanda ya video yalipokuwa yakienea mitaani, nasi walimu tulikuwa tukiyalaani kila gwaride la asubuhi. Siku moja nilimtazama kijana yule alivyolaza kichwa juu ya dawati, na hadithi ikanijia nzima, kama zinavyonijia hadi leo. Nikaliona banda, na benchi la mbao lisilo na egemeo. Nikauona mwanga wa buluu ukichezacheza usoni mwake saa nane za usiku, na sigara ikipita mkono hadi mkono.

Kesi yake ilipofika mbele ya kamati, niliisimulia. Sikusema "nadhani". Nilisema "huyu hukesha kwenye mabanda ya video", nikaendelea na benchi, na mwanga, na sigara. Wenzangu waliniamini. Nani angeacha kuamini? Mtu anayejua benchi halina egemeo bila shaka ameliona. Kijana aliulizwa ana la kusema, akainama. Tulimpa viboko na kumsimamisha masomo kwa wiki tatu. Wiki tatu zilikwisha, hakurudi.

Mwezi wa tatu au wa nne tangu siku ile, mama mmoja muuza samaki aliniuliza kwa nini siku hizi yule mwanafunzi wangu hasomi. Ndipo nilipojua. Mama wa kijana alikuwa mgonjwa wa miguu. Kijana ndiye aliyekuwa akinunua samaki jioni, akiwapaa, akiwakaanga hadi usiku wa manane kwa taa ya karabai, ili wauzwe alfajiri na yeye apate nauli na ada. Wekundu wa macho ulikuwa wa moshi, na madoa yalikuwa ya mafuta. Nilikwenda kwao siku iliyofuata. Walikuwa wamehama, na jirani alinijibu kwa ufupi wa mtu asiyependa kuulizwa na mwalimu.

Kuna jambo dogo ndani ya kisa hiki ambalo ndilo hasa linalonisumbua mpaka leo. Kijana yule alinukia samaki. Harufu ile niliisikia kila nilipopita karibu na dawati lake, wala si mara moja. Sikuisema mbele ya kamati, na sikuificha kwa makusudi. Niliiacha kwa sababu haikuingia katika hadithi yangu. Kila mtunzi anaijua kazi hiyo. Tunapotunga, tunachagua kinachosaidia msuko na kukiacha kinachouvuruga, tena tunajisifu kwa kukiacha. Nilifanya kwa maisha ya mtoto wa watu kile ninachofanya kwa muswada.

Hapa namkumbuka Shaaban Robert, ambaye sisi wa Tanga humtaja kama mtu anavyomtaja mjomba wake. Tazama majina ya vitabu vyake viwili: Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, na Kufikirika, kilichotoka mwaka 1967 wakati yeye amekwisha kufariki. Niliwafundisha wanafunzi wangu kauli ya kutendeka kwa kutumia majina hayo. Kusadikika ni kuwa na uwezo wa kusadikiwa, na kufikirika ni kuwa na uwezo wa kufikiriwa. Kiambishi hicho kidogo hakisemi kuwa jambo ni kweli. Kinasema tu kuwa mlango wake unafunguka. Nchi ya Kusadikika inaelea hewani, na humo Karama anashitakiwa na Majivuno, mtu anayejua kupanga maneno mbele ya wakubwa. Nimekifundisha kitabu hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nilijiweka upande wa Karama. Ilinichukua miaka kutambua kuwa katika kikao kile cha nidhamu Karama alikuwa ameinamisha kichwa na kunukia samaki, na Majivuno nilikuwa mimi.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema hatari ya mtu mwenye fikira nyingi ni kwamba husema uongo, huona wamekosea shabaha. Mwongo anajua ukweli uko wapi, ndiyo maana anaukwepa. Hatari ya mtunzi ni kwamba amejifunza ufundi wa kusadikisha, na msadiki wake wa kwanza ni yeye mwenyewe. Undani aubunio humrudia akidhani ni kumbukumbu. Mpaka leo nikifumba macho naliona banda lile la video, na sijawahi kuingia katika banda lolote.

Nitaambiwa kuwa fikira hiyohiyo ndiyo mama wa huruma, na kwamba asiyeweza kujitia katika nafasi ya mwenzake hawezi kumwonea uchungu. Nalikubali hilo. Mara nyingine nilimtazama mwanafunzi nikahisi ana njaa, na kweli alikuwa na njaa. Lakini nikijipima kwa haki, zile mara nilizopatia ni zile nilizouliza. Huruma isiyouliza humfikiria mtu mwingine hadi ikamwondoa yeye mwenyewe katika habari zake. Tena hukaribia sana kuwa kiburi, kwa kuwa inajiona imekwisha kujua.

Sikubaliani pia na wale wa upande wa pili, wanaoniambia niache kuwaza. Daktari mmoja mwenye nia njema alinishauri nipumzishe akili, nitazame mpira. Nilitazama. Kufikia kipindi cha pili nilikuwa nimekwisha kumtungia mlinda mlango ndoa yenye matatizo. Wala fasihi yetu haitupi faraja rahisi kuhusu watu wa aina hii. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, ni msomi anayewaza hadi anaitoa roho yake mwenyewe. Niliifundisha kwa woga, nikiwatazama vijana wawili watatu waliokuwa wakiisoma kwa ukaribu kupita kiasi. Niliwafuata baada ya kipindi, nikawauliza hali zao. Naona hilo ndilo jambo la busara zaidi nililolifanya katika kazi ya ualimu, nalo nilifundishwa na kijana aliyenukia samaki.

Basi kama haziwezi kuzimwa, na zikiachiwa huru hujeruhi, mtu ataishije nazo? Mimi nimepata msaada mahali pasipo pa ajabu, nao ni nyanya yangu na mizani.

Nyanya alikuwa msimulizi wa ngano, na hakukubali kusimulia mchana hata ukimpa nini. Usiku, kazi zikiisha, alisema, "Paukwa!" nasi tukaitikia, "Pakawa!" Zamani nililiona jambo hili kuwa mbwembwe za kufungulia hadithi. Sasa naliona kama kitasa. Paukwa ilitangaza kwamba kuanzia hapa sungura atasema na zimwi litakula watu, na kila aliyepo ameridhia. Hadithi ilipokwisha alitamka kuwa imekwisha, mlango ukafungwa, tukalala. Fikira ilipewa saa yake na nyumba yake. Haikuruhusiwa kuzurura mchana sokoni ikiwanyooshea watu vidole.

Nimeiga. Nina daftari la karatasi za mistari, la bei ndogo. Hofu inaponijia, au ninapoanza kumtungia jirani maisha, nalifungua, naandika juu ya ukurasa "Paukwa", kisha namwaga kila kitu: kona, lori, askari, viti chini ya mwembe. Nambadilisha mtu jina na jinsia kama ikilazimu. Nikimaliza naandika "imekwisha". Baadhi ya kurasa hizo zimekuwa hadithi nzuri na nyingi ni takataka, lakini hadithi na takataka zote ziko ndani ya daftari, haziko katika kamati ya nidhamu.

Na malenga wenzangu watanielewa nikisema kwamba shairi lina kasi ndogo kuliko hofu. Hofu hukimbia, mizani hutembea. Mtu anayetafuta silabi nane na nane, na vina viwili vya kushikana navyo hadi mstari wa nne, hana nafasi ya kupagawa. Vidole vyake viko kazini. Nilijaribu usiku uleule binti alipokwisha kulala:

Basi jioni halija, moyo wanijaza hofu,
Nimekaa nikingoja, napanga watu kwa safu,
Waliokuja pamoja, na mwanangu kumsifu,
Kumbe yeye anakuja, na mimi nazika wafu.

Mke wangu aliusoma ubeti huu asubuhi, akauliza kwa nini wafu ni wengi ilhali aliyechelewa alikuwa mmoja. Nilimjibu kuwa kina kimewaongeza. Tukacheka, na hicho ndicho ninachokisema: kilichokuwa msiba saa kumi na moja na nusu kilikuwa suala la kina kufikia asubuhi.

Watunzi wetu wakubwa hawakuogopa fikira, ila waliielekeza. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anayatazama magofu ya Pate, na fikira yake inayajaza tena majumba yale taa na watu na shangwe, kisha inayatia popo na kiza. Ni fikira kali kuliko zote ninazozijua katika ushairi wetu. Lakini angalia anazungumza na nani. Anazungumza na moyo wake mwenyewe, ndio anaouhoji na kuuonya. Na Muhammed Said Abdulla, mwaka 1960, alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mpelelezi ambaye dhana kwake ni mwanzo wa kazi. Wengine wakikimbilia mzimu, yeye na kiko chake hutafuta mkono wa binadamu. Mtunzi yeyote kijana ningemshauri awe na Bwana Msa mmoja kichwani, hata kama haandiki riwaya za upelelezi.

Swali la mkufunzi wangu nimeliandika ndani ya jalada la daftari: umeona au umedhani? Alifariki miaka mingi iliyopita, sikupata kumwambia kuwa hakuwa mkavu.

Mwaka jana nilikwenda Pangani kwa mazishi ya rafiki, nikavuka na kivuko kwenda Bweni. Mtu mzima wa kama miaka hamsini alisogea akaniambia, "Shikamoo, mwalimu." Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimekwisha kuandika miisho miwili. Katika mmoja alikuwa yeye, kijana yule, akanisamehe hapo hapo juu ya maji. Katika mwingine alinikumbusha viboko kimoja kimoja mbele ya abiria. Nilijilazimisha kunyamaza ndani, nikamwitikia, "Marahaba," kisha nikamuuliza jina lake na mwaka aliosoma.

Hakuwa yeye. Alisoma darasa lilelile lakini mkondo mwingine, na alichokikumbuka kwangu ni jinsi nilivyowakaririsha ngeli. Nikamtajia yule kijana. Alifikiri kidogo, akasema anamkumbuka, aliyekuwa akikaa nyuma. Nikamuuliza kama anajua alipo. Akasema hapana, tangu aache shule hajapata kumwona. Kivuko kikagota ng'ambo, akanisaidia kushuka, tukaagana.

Niliporudi nyumbani nilifungua daftari. Nimeandika tarehe, na jina la kivuko, na yale aliyoyasema, ambayo hayafiki hata mistari minne. Neno "Paukwa" sijaliandika juu ya ukurasa huo.